Pumu yangu: inhela mbili na chupa ya maji ya nusu lita

Wengi wanaijua pumu kwa mlio wa filimbi kifuani. Kwangu mlio huja mwisho. Kinachotangulia ni kikohozi kikavu cha usiku wa manane na kifua kubana nikipanda ngazi. Kikohozi hicho kikiniamsha wiki hiyo hiyo mara ya pili, najua njia za hewa zimevimba tena, hata kama mchana niko fiti.

Uvimbe ndio kiini. Njia zikishavimba, vumbi, udi, moshi wa mkaa au mafua tu yanatosha kukaza misuli inayozizunguka, na makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake inaisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Kazi hiyo ni ya inhela ya pili, ya beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa ya kahawia: navuta mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni, kama nilivyoandikiwa, hata nikiwa mzima kabisa. Ukiivuta husikii nafuu yoyote papo hapo, ndiyo maana watu huiacha mapema. Nikimaliza nasukutua na kutema, la sivyo mdomo unaota utando mweupe wa fangasi.

Mtaani bado wanasema ukianza kupuliza umekwisha, bora vidonge. Haya, tupige hesabu: kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 ni sawa na mipulizo 40 ya mikrogramu 100, na yote inazunguka kwenye damu mwili mzima. Mikono itaachaje kutetemeka?

Shida ya kweli ya inhela ni kwamba dawa inatoka kwa kasi na kuishia kooni. Hapo ndipo chupa ya mililita 500 inapoingia: inakaa kati ya inhela na mdomo na kupunguza kasi hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa, na ile iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani cha kazi hiyo (spacer). Nakunja waya kwa umbo la mdomo wa inhela, naupasha moto, natoboa kitako cha chupa, kisha naichomeka inhela plastiki ikiwa bado laini ili ishike. Pembeni naziba kwa tepu, maana penye upenyo dawa inapungua. Kabla ya kuitumia naiosha kwa maji ya sabuni ya vyombo na kuiacha ikauke yenyewe. Siisuuzi, wala siifuti ndani kwa kitambaa: plastiki iliyosuguliwa inapata chaji ya umeme na kunasa dawa. Naufuta mdomo wa chupa tu.

Natikisa inhela, natoa pumzi, nabana midomo kwenye chupa, nabonyeza mara moja, kisha navuta na kutoa pumzi polepole mara tano humo humo. Mpulizo wa pili natikisa upya. Ukibonyeza miwili kwa mpigo, dawa nyingi inagandia ndani ya chupa.

Nikibanwa nakaa wima, silali. Mipulizo minne ya bluu, mmoja mmoja. Dakika 20 zikipita bila nafuu, minne tena nikiwa njiani kwenda hospitali. Nikishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikawa ya kijivu, sisubiri hizo dakika 20. Na filimbi ikinyamaza huku bado natweta, hapo hali ni mbaya zaidi: hewa inayopita haitoshi hata kutoa mlio.

Kopo la mipulizo 200, kwa minne kwa siku, linaisha siku ya 50. Lisilo na kihesabu naliandika tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu ya wino mzito. Kulielesha majini ili kupima kama dawa imebaki hakusaidii, kwa sababu dawa inaweza kuisha na gesi ikaendelea kutoka.