Kiingereza cha Kutenda: Nilivyokiweza na Spana Mkononi

Nianze na walionishauri jinsi ya kujifunza Kiingereza, maana ndio walionichelewesha.

Mimi ni fundi wa hoteli, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji, umeme, viyoyozi, vitasa vya kadi, vyote juu yangu. Ni mtoto wa Tanga, kidato cha nne nilimaliza, na kama wengi wetu nilitoka shuleni nikiweza kueleza "photosynthesis" bila kusita lakini siwezi kumwambia mgeni kwamba nimekuja kuzibua sinki lake. Majina ya vitu hayakunisumbua, kwa sababu bomba unaweza kulionyesha kwa kidole. Kitendo hakionyeshwi kwa kidole, na hapo ndipo nilipokuwa nakwama.

Mmoja akaniambia nitazame filamu bila maandishi ya chini. Nilichovuna ni matusi. Mwingine akaniingiza kozi ya jioni, elfu themanini na kitu ukijumlisha fomu, tukawa tunaimba "go, went, gone" kama madrasa. Lakini aliyevunja rekodi ni binamu yangu wa Dar, msomi, mtu wa tai hata Jumapili. Huyu alisema "do" na "make" ni maneno ya watoto wa chekechea, mtu mzima hayaandiki. Akanipa kitabu cha visawe cha Roget alichonunua kwa wauza vitabu vya mtumba.

Kitabu chenyewe sikilaumu. Roget alikuwa daktari, alikitoa London mwaka 1852, na hakukipanga kwa alfabeti bali kwa wazo. Kwenye matoleo ya zamani, wazo la kutenda lina namba yake, 680. Jirani yake, 681, ni kutotenda, na mbele kidogo unakutana na bidii, uvivu, haraka, uchovu na mapumziko. Fungua hapo 680 utakuta "do", "perform", "execute", "transact", "commit" na "perpetrate" wamekaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Tatizo ni kwamba kitabu hakikwambii yupi kati yao ni jambazi.

Ikatokea nafasi ya msimamizi wa mafundi, ikabidi niandike barua. Niliandika ya kwangu, fupi: "I did repairs in all rooms. I did the old generator." Nimefanya matengenezo vyumba vyote, na jenereta ya zamani, basi. Binamu akasema nimtumie kwa WhatsApp ainyooshe. Ilivyorudi sikuitambua, imejaa maneno marefu, nikaona hapa kazi nimepata. Nikaichapisha, nikatia saini, nikapeleka.

Meneja wetu ni mama wa Mombasa, Kiingereza chake kimenyooka. Akaniita ofisini siku hiyohiyo, mpishi mkuu naye yupo, amekuja na daftari la mahitaji.

"Fundi, hebu kaa. Hii jenereta ya zamani ilikukosea nini?"

"Haikunikosea kitu, bosi."

"Mbona umeinyonga?"

Binamu alikuwa ameandika "I executed the old generator". Neno hilo lina heshima zake, unaweza kulitumia kwa amri, kwa mpango, kwa mkataba, na maana yake ni kutekeleza. Ila likienda moja kwa moja kwa kiumbe, ni hukumu ya kifo hiyo. Na matengenezo yangu ya vyumba vyote yalikuwa yameandikwa "perpetrated", neno ambalo Waingereza wanaliwekea wahalifu. Kwa hiyo kwa barua yangu mwenyewe, yenye saini yangu, nilikuwa nimekiri kutenda ukatili wa mabomba hoteli nzima na kumuua mzee wa jenereta. Mpishi alicheka mpaka akaketi chini. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Binamu hadi leo anashikilia kwamba yule meneja hajui Kiingereza.

Aliyenifungua macho ni mgeni mmoja mzee, mwalimu mstaafu wa Uingereza, aliyekuwa na bafu linalovuja. Huku namfungia koki, akanisimulia habari za Mwingereza mwenzake, Ogden, ambaye mwaka 1930 alitoa Kiingereza kidogo cha maneno 850, na humo vitenzi ni 18 tu: come, get, give, go, keep, let, make, put, seem, take, be, do, have, say, see, send, may, will. Mengine yote unayapata kwa kukifunga kitenzi kwenye vineno kama "in", "out", "up", "off" na "on". Nilishusha spana. Vitenzi 18! Mimi nilikuwa nakariri "perpetrate".

Nikanunua kaunta buku, kila kitenzi na ukurasa wake. Ukurasa wa "put": "put in" ni kutia, "put on" ni kuvaa, "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia. Orodha ya Ogden haikunitosha kwa ufundi, nikaongeza zangu: turn, run, cut, break, fix. Na zingatia, "put" na "cut" hazibadiliki hata kitendo kikiwa cha jana. Anza na hizo, utapata moyo.

Halafu nikawa siandiki kitu ambacho sijakitenda kwa mkono. Nikifungua kifuniko cha kiyoyozi natamka, "I am taking off the cover." Nikichomeka waya, "I am plugging it in." Dada mmoja wa usafi aligonga mlango wa choo, "Kaka, unaongea na nani humo?" Nikamwambia naongea na boya la tangi. Wakasema bahari imeniingia kichwani. Sawa tu, boya halikucheki ukikosea.

Siri nyingine, hii sikufundishwa na mtu. Kiswahili chetu tayari kinajua kutengua kitendo kwa mkia: ziba, zibua; chomeka, chomoa; kunja, kunjua; pakia, pakua; funga, fungua. Mwingereza anafanya hivyohivyo, ila yeye anaweka kichwani: block, unblock, plug, unplug, fold, unfold, load, unload, lock, unlock. Nilipoliona hilo nilipata vitenzi lundo kwa jioni moja, bure. Na ukiona ajabu kwamba "make the bed" si kutengeneza kitanda kwa mbao bali kukitandika, jiulize sisi tunavyopiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki na mswaki, na hakuna hata kimoja kinachoumia.

Sasa vineno hivyo vina hila zake. "The lights went off", taa zimezimika. Ukijifanya umeelewa "off", subiri "the alarm went off": kengele ya hatari imelia! Usiku mmoja mlinzi wetu alipewa taarifa hiyo kwenye redio, akajibu "okei" na kuendelea na chai yake, kwa hesabu yake kengele imezimwa, kuna shida gani. Bahati ilikuwa moshi wa mkate tu. Na mgeni akikwambia "turn down the AC", usikimbilie rimoti. Wengine wanataka namba ishuke, baridi izidi. Wengine wanataka baridi ipungue. Mimi nauliza, "Colder or warmer?" Maneno matatu yameniokoa na safari nyingi za ngazi.

Ninayoipenda kuliko zote ni "run". Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wameihesabia maana zaidi ya 600. Siku moja mapokezi waliniandikia kikaratasi: "Toilet is running." Mwenzangu akauliza kimekimbilia wapi. Tulipofika, bakuli liko palepale, ila maji yanachirizika ndani bila kukoma, mpira wa chini umeliwa na chumvi. Nikabadilisha mpira, wa elfu mbili au tatu hivi, nikaandika kwenye ripoti: "The toilet was running. I took out the old seal and put in a new one. It has stopped." Fupi, na binamu angeiita ya chekechea. Meneja aliibandika ubaoni, akaweka alama ya vema.

Usimamizi nimeupata raundi iliyofuata. Barua niliandika mwenyewe, nusu ukurasa, vitenzi vingi ni vya Ogden. Kaunta buku bado natembea nalo kwenye begi la vifaa, na vijana wapya wananakili. Ukurasa wa "get" ulishajaa zamani, nimebandika karatasi nyingine pembeni kwa gundi ya PVC.