Ziwa Letu Kwenye Ramani

"Madam, kama wagonjwa wa siko seli wengi wanakufa wakiwa wadogo, hawakui wala hawazai, mbona huo ugonjwa hauishi?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa Kidato cha Nne. Ilikuwa Julai 2014, katika shule ya kata upande wa Sengerema, ambako ukisimama mlangoni mwa darasa unaliona ziwa. Ubaoni nilikuwa nimechora njegere za Mendel, yule mtawa aliyechunguza namna sifa zinavyorithiwa, ndefu na fupi, laini na zenye mikunjo. Wengi wa wanafunzi wangu hawakuwahi kuuona mmea wa njegere shambani. Selimundu, yaani hiyo siko seli, waliijua. Kila kitongoji kilikuwa na nyumba yenye mtoto wa macho ya njano anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa.

Nilijua pia kwa nini aliyeuliza ni yeye. Kaka yake alishafariki kwa ugonjwa huo, na sasa mdogo wao wa miaka minne alikuwa ameanza kuvimba vidole vya mikono na miguu. Upande wa baba walikuwa wanasema mama ndiye aliyekuja na damu hiyo kutoka kwao. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kisimani, kama walivyoyasikia wengine.

Jibu la juu juu nilikuwa nalo. Chuoni tuliandikiwa kwamba mwenye jeni moja ya selimundu, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, hupata nafuu ya malaria, tukalikariri, tukalijibia mtihani, tukafaulu. Lakini niliposimama mbele ya yule binti, mdomo ulikuwa mzito. Angeniuliza, nani aliyaona hayo, aliyaonaje, wapi? Nisingekuwa na la kusema. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe wiki moja."

Nyumbani nilikuwa na modemu na laptopu kuukuu ninayochaji kwa sola. Niliweka bando, nikatafuta noti za Biolojia za Kidato cha Nne. Zilikuja nyingi, na karibu zote zilikuwa zile zile, mtu kanakili kwa mtu, hata kosa la tahajia limesafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilipata pia kitabu cha OpenStax cha Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kilichotoka mwaka 2013, kinagawiwa bure kizima kizima, zaidi ya kurasa elfu moja. Kile kitabu nakiheshimu mpaka leo, kimenisaidia mno mimi mwenyewe. Lakini ni cha kumjenga mwalimu. Mtoto wa Kidato cha Nne anayehangaika na Kiingereza ukimpa kurasa zile, umempa mzigo tu. Bando likaisha nikiwa bado nakipakua.

Jumamosi nikapanda kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza na flashi yangu kwenye pochi. Kafe niliyoingia ilikuwa na kompyuta sita, shilingi 1,000 kwa saa. Saa nzima ya kwanza niliipoteza. Naandika majina ya mada, napata makala za watafiti zinazotaka malipo kwa dola, au video ambazo duara lake linazunguka tu. Nikachoka, nikaegemea kiti, nikajiuliza, hivi yule mtoto aliuliza nini hasa? Nikalichukua swali lake, nikaliweka kwa Kiingereza neno kwa neno kama alivyolisema, nikabonyeza.

Hapo ndipo nilipokutana na BioInteractive, tovuti ya taasisi ya Howard Hughes ya Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya walimu wa biolojia. Kulikuwa na filamu fupi, kama robo saa hivi, na chini yake karatasi za kazi za wanafunzi na maelezo ya mwalimu. Bure, bila hata kuombwa namba ya kadi. Kijana wa kafe akanionyesha namna ya kuchagua faili la ukubwa mdogo na namna ya kulipakua lisianze upya mtandao ukikatika. Tukakaa tunatazama ule mstari wa kijani ukitambaa: asilimia 12, 15, ukasimama, ukaenda tena. Ulipofika mwisho tuliifungua kuhakikisha inacheza. Kwenye kioo akatokea mzee wa Kizungu, mvi tupu, anasimulia, halafu ikaja ramani.

"Dada," kijana akasema akiinama karibu, "hilo si ziwa letu?"

Lilikuwa letu. Ramani ya Afrika Mashariki, na kandokando ya Ziwa Victoria pametiwa rangi.

Mzee yule ni Anthony Allison. Alikulia Kenya, na mwaka 1949, akiwa bado anasomea udaktari Oxford, alirudi na msafara wa chuo uliokuja Mlima Kenya. Akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kanda ya ziwa, wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20. Nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Akajiuliza, kipi kiko pwani na ziwani ambacho milimani hakipo? Mbu wa malaria. Baadaye akaenda Uganda, akapima watoto 290 wa Buganda, na mwaka 1954 akachapisha alichokiona.

Nilivuka kurudi na kivuko cha jioni nimeishika pochi kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na uchungu. Nimezaliwa kanda hii, nimesoma biolojia mpaka chuo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba moja ya ushahidi mkubwa wa uteuzi wa asilia kwa binadamu, yaani wenye sifa inayowafaa mahali walipo kubaki hai na kuzaa zaidi, umetoka kwenye damu za watu wa huku kwetu. Njegere za bustani ya watawa wa Ulaya nilizijua kwa idadi.

Jumatatu niliwaonyesha. Projekta hatukuwa nayo. Nililiweka laptopu juu ya meza, wanafunzi 52 nikawagawa makundi matatu, kundi moja ndani, mengine nje yakisubiri. Sauti ilitoka kwenye spika ya kwaya ya kigangoni. Kila baada ya dakika mbili nilisimamisha filamu nikaeleza kwa Kiswahili, ingawa sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tu. Kwenye hili sina unafiki: mtoto akielewa kwanza kwa lugha anayoiota usiku, Kiingereza cha mtihani tutakipata baadaye. Asipoelewa, hatukipati kamwe. Betri ilitosha makundi mawili. La tatu tuliliendesha kesho yake.

Kwenye karatasi za mwalimu kulikuwa na takwimu za wale watoto wa Buganda. Nikaziandika ubaoni bila maelezo. Watoto 43 walikuwa na jeni moja ya selimundu, na kati yao 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Watoto 247 hawakuwa nayo, na kati yao 113 walikutwa na vimelea. "Tafuteni asilimia." Kalamu zikainama. Mvulana wa nyuma, ambaye kwenye biolojia hakuwa akinyoosha mkono hata siku moja, akasema, "Madam, 28 na 46." Kimya kikaingia. Walikuwa wanazitazama zile namba mbili, na nikaona nyusoni mwao kwamba hakuna haja ya mimi kusema neno. Nikaeleza tu kinachotokea ndani: kimelea kikiingia kwenye seli nyekundu ya mwenye jeni moja, seli hiyo huelekea kujikunja kama mundu, na bandama huiondoa pamoja na kimelea chake.

Kisha tukacheza maharage niliyonunua mnadani. Bakuli mbili, kila moja punje 100, nyeupe 80 za jeni ya kawaida na nyekundu 20 za jeni ya selimundu. Unafumba macho, unachota mbili mbili, kila jozi ni mtoto. Nyekundu mbili ni mgonjwa, anatoka. Bakuli la milimani hakuna kingine kinachoua. Bakuli la ziwani, katika kila jozi tano za nyeupe tupu, moja inaondoka na malaria. Waliobaki tunahesabu punje zao, tunajaza tena hadi 100 kwa uwiano ule ule, tunaanza kizazi kingine. Vizazi sita tulivimaliza kengele ikiwa imeshalia na hakuna aliyetoka. Bakuli la milimani nyekundu zilibaki 9. La ziwani zilikuwa 17. Yule binti ndiye aliyekuwa anahesabu za ziwani. Alizirudia mara mbili, akizisogeza moja moja kwa kidole kwenye ukingo wa meza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Haziishi."

Kabla hawajatoka nilichora mraba wa Punnett, mchoro wa kuonyesha mtoto anaweza kurithi nini kwa wazazi wake. Baba ana jeni moja, mama ana jeni moja, vyumba vinne ndani. Chumba kimoja mtoto hana jeni ya selimundu kabisa, viwili anayo moja kama wazazi wake, kimoja anazo mbili, naye ndiye mgonjwa. Nikasisitiza kwamba robo hiyo ni ya kila mimba, kwamba kuzaa mgonjwa mmoja hakumlindi anayefuata, na kwamba kipimo cha damu kipo. Nilikuwa natazama dirishani nilipokuwa nasema hayo, nisimtazame yeye. Niliporudisha macho, alikuwa anauchora ule mraba kwenye karatasi aliyoichana katikati ya daftari, anatumia rula.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa natafuta kitu kingine mtandaoni, nilisoma kwamba mzee Allison alifariki Februari ya mwaka ule ule, miezi mitano kabla ya swali letu. Niliwaambia wanafunzi. Walisimama wenyewe, bila kuambiwa, dakika moja.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi ya Jumatatu iliyofuata baada ya yale maharage. Nilikuwa zamu. Yule binti alinijia mapema, kabla ya mchakamchaka, akaniamkia, akasimama anavuta vuta ncha ya sweta. Akasema ile karatasi aliipeleka nyumbani. Mama yake akiwa jikoni, yeye alimwonyesha baba yake uani, na baba aliposema haioni vizuri, akamchorea mkubwa chini mchangani kwa kijiti, vyumba vyote vinne.

"Akasemaje?"

"Alikaa muda mrefu anautazama. Halafu akaniambia nije nikuulize wewe mwenyewe, Madam. Anauliza, kwa hiyo ni wote wawili?"

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Wote wawili."