Herufi kubwa katika majina ya vitabu vya Ulaya

Ukiandaa marejeo yenye vitabu vya lugha tatu nne, usiguse kile kitufe cha programu kinachoipa kila neno herufi kubwa. Hata Kiingereza hakiandikwi hivyo: "of", "and" na "the" zikikaa katikati hubaki ndogo.

Kihispania hakisumbui. Neno la kwanza na majina ya pekee, basi: Cien años de soledad. Magazeti na majarida ndiyo hutofautiana, kwani nomino na vivumishi vyake vyote hupewa herufi kubwa, kama El País.

Kijerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa popote ilipo, kwa hiyo jina la kitabu halina kanuni yake. Mtego ni kivumishi kilichogeuka nomino. Katika Im Westen nichts Neues, N ya mwisho ni kubwa kwa sababu hiyo, ilhali "nichts" hubaki ndogo. Kidanishi nacho kilikuwa hivyo hadi 1948. Herufi kubwa nyingi katika kitabu cha kabla ya hapo si makosa ya chapa.

Kazi iko kwenye Kifaransa. Kwa kanuni ya jadi, jina likianza na le, la au les, nomino ya kwanza hupewa herufi kubwa, na kivumishi kilichoitangulia pia: Le Petit Prince. Kivumishi kikija nyuma ya nomino, hakipati: Les Liaisons dangereuses. Nomino mbili zikiunganishwa na "et", zote hupata: Le Rouge et le Noir. Likianza na un, une au kihusishi, neno la kwanza tu: Un cœur simple. Na likiwa sentensi yenye kitenzi, hata "La" ya mwanzoni haisaidii nomino: La guerre de Troie n'aura pas lieu. (Troie ni jina la mji.)

Wapo wachapishaji wa Kifaransa waliochoshwa na haya, wakabaki na neno la kwanza na majina ya pekee. Si kosa; kosa ni kuchanganya mifumo miwili katika orodha moja.

Alama za juu zisidondoke kwenye herufi kubwa: À la recherche du temps perdu, si "A la". Kwenye Windows, shikilia Alt, kisha andika 0192 kwa vitufe vya namba vya kulia upate À. 0201 hutoa É.