Pensheni yangu ya ulemavu ilivyokata, na washauri walivyotaka kunimaliza

Kama unalipwa fidia ya ulemavu naomba usichukue ushauri kwenye kijiwe cha ulanzi. Mimi nipo Mafinga, mkono wa kulia niliuacha kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao, vidole vilienda kikabaki kipande cha gumba. Nilipopimwa ulemavu ukazidi asilimia 30 ndo maana WCF, ule mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, wananipa pensheni ya kila mwezi, ukiwa na 30 kushuka chini unapewa mkupuo basi.

Sasa pesa ikakata. Kijiwe kizima kikatoa hukumu, "si umefungua genge? Wamekuona unauza nyanya wamekufuta, funga haraka." Mwingine akasema ana mtu wake Dodoma anafufua mafaili, nitoe elfu hamsini. Jamani! Hawa wanachanganya na TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. TASAF wanaangalia kaya, hali ikiwa nzuri mnahitimu mnatoka. Hii yangu ni ya kuumia kazini, hata dada wa ofisi ya WCF baadaye aliniambia, "Kaka, hatukulipi kwa sababu huna kazi, tunakulipa kwa sababu ya huo mkono."

Sababu yenyewe ilikuwa simu. Iliibiwa sokoni, nikakaa muda bila ile laini, kumbe uhakiki umeitishwa na meseji imeenda kule kule. Ukipitwa na uhakiki malipo yanasimama, na mimi siwalaumu, lazima wajue kama upo hai, wangapi wamekufa ndugu wanaendelea kula?

Kurudisha laini sasa, hapo ndo palikuwa na sinema. Wanataka alama za vidole na mimi nimebaki na vya kushoto tu, navyo kwa kubeba mbao vimelainika kama mgongo wa kijiko. Kijana wa laini akabonyeza, mashine ikagoma. Nikanawa na Omo, ikagoma. Tukapaka Vaseline tukafuta, ikagoma. Mama mmoja wa vitumbua pale pembeni akasema "baba sugua kidole kwenye paji la uso, mafuta ya mwili ndo yanashika", nikasugua paji mpaka likaanza kuuma, foleni nyuma inacheka, na mimi nacheka, mashine ndo haicheki. Ndo kijana anakumbuka kwamba mwenye shida ya vidole anaweza kuulizwa maswali ya taarifa zake za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa! Muda wote huo! Shule ya msingi nikapata, kata niliyozaliwa nikapata, jina la mama nikakosa. Mama yangu mzazi! Nikaazima simu nikampigia dada, akasema "we kaka, mama kwenye vyeti ni Felista, hilo tunalomwita ni utani wa babu." Laini ikawaka.

Kazi ya uhakiki ofisi ya WCF Mbeya niliimaliza asubuhi tu, nauli na kula kama elfu arobaini hivi. Nilibeba NIDA, kadi ya benki (jina lifanane na la NIDA herufi kwa herufi, wengi wanakwama hapo) na barua ya mtaa ambayo hata hawakuiangalia. Pesa ikarudi na malimbikizo yake, na nimewaachia namba ya mke wangu pia, simu zikiibiwa mbili siku moja basi tena. Genge sijafunga, nimeongeza na viazi. Yule wa Dodoma bado ananipigia, sasa ameshuka mpaka elfu thelathini.