Nilibana mara 300 kwa siku, nikajiongezea ugonjwa

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga. Pilau, biriani, mchuzi wa watu mia tatu, sufuria ambazo mtoto wa miaka kumi anaingia akaoga. Nalisema hili mapema mjue kwamba riziki yangu ni moshi, pilipili na kunyanyua vizito, yaani vitu vitatu vinavyomuumbua mwanamke ambaye mkojo humponyoka.

Na mimi ulikuwa ukiniponyoka. Ulianza baada ya mtoto wa tatu, aliyezaliwa na kilo nne na ushei. Nikipiga chafya, tone. Nikicheka, matone. Pilipili ikigusa mafuta ya moto na ule mvuke ukanipanda kooni, basi tena, ni kumwachia msaidizi mwiko na kukimbilia uani. Nikazoea kuvaa khanga mbili chini ya baibui. Adhuhuri moja nilitia udhu mara tatu, mpaka binti yangu akauliza kama siku hizi maji ya bomba ni ya bure.

Ushauri nilipewa mwingi. Mama alisema sikukandwa vizuri, na mkaja niliufungua kabla ya arubaini. Wifi yangu akasema nipunguze maji ya kunywa. Duka la dawa wakaniuzia vidonge vya UTI bila kunipima mkojo, tena si mara moja. Huku kwetu kila kinachouma chini ya kitovu jina lake ni UTI. Shoga yangu mmoja, namsitiri, akaniletea shabu kwenye karatasi na maelekezo ya pa kuitia. Nikaitumia siku mbili, nikawashwa wiki nzima, mkojo uko palepale. Shabu ni ya kutulizia maji ya mtungi, mabibi, iacheni hukohuko.

Halafu ikaja ile sauti ya WhatsApp. Sijui ilirekodiwa na nani, lakini ilizunguka vikundi vyote vya akina mama: bana kama unayezuia mkojo, mara mia asubuhi, mia mchana, mia usiku, utarudi kuwa mwali. Mimi kitu cha nusunusu siwezi. Nilibana nikimenya vitunguu, nikabana nikichagua mchele, nikabana kwenye foleni ya benki. Nilihesabu kwa tasbihi, Mungu anisamehe, punje tisini na tisa na moja naongezea kwa kidole. Siku moja ndani ya bajaji dereva alinitazama kwenye kioo akapunguza mwendo. "Mama, unaumwa? Nikupitishe hospitali?" Kumbe nilikuwa nabana mpaka uso, meno na mabega yamepanda masikioni. Nikamwambia ni jino.

Wiki ya tatu ndipo nilipojua nimejifanyia nini. Nyonga zikauma, kiuno kikauma, na yale ya chumbani na baba watoto yakawa adhabu. Chooni nikachuchumaa nasubiri, mkojo haushuki. Nikitoka nikikohoa, unashuka. Nisipoutaka unakuja, nikiutaka unagoma. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu kwa hasira, na hata kile kicheko kikanigharimu khanga.

Daktari wa wanawake niliyemwendea safari hii alipima mkojo kwanza, akapima na sukari. UTI haikuwepo. Akaniuliza kama mkojo unavuja muda wote, usiku na mchana, hata nimelala. Nikasema hapana. Akasema angesikia ndiyo, ningekuwa na safari nyingine, maana unaotiririka bila kukoma baada ya uzazi mgumu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula haitibiwi kwa kubana wala kulegeza. (Kama ni wewe huyo, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanatibu fistula bila malipo. Usikae nayo ndani kwa aibu.) Mimi akaniandikia fiziotherapia, Dar. Nikamtazama. Nilijua fiziotherapia ni ya waliovunjika miguu.

Safari ya basi sitaieleza yote. Sikunywa maji tangu jana yake, nilikwenda chooni mara nne kabla ya kupanda, na bado kabla ya Segera nilikuwa namwomba kondakta asimamishe tuchimbe dawa. Abiria wakaguna, halafu gari liliposimama walishuka karibu wote.

Sasa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaenda. Nilijiandaa kama ninayeingia chumba cha harusi. Nilinyoa, nilijifukiza udi, nikajipaka mafuta ya asumini. Yule dada wa mazoezi alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema maji matupu yanatosha, manukato huko ndani huwasha, na hata ningekuwa kwenye siku zangu ningeweza kuja tu. Halafu siku ile saa nzima ya kwanza hakunigusa. Aliuliza maswali: nimezaa mara ngapi, nilichanika, nilishonwa, choo kikubwa kinapita au nasukuma, nakunywa nini, tendo la ndoa linauma wapi, na kama kuna mtu aliwahi kuniumiza. Jibuni kweli, jamani. Mimi nilificha habari ya shabu, na ikabidi niiseme baadaye nikiwa nimeshalala kitandani, pabaya zaidi pa kuungama.

Akachukua karatasi akachora kitanda cha kamba. Hii ndiyo sakafu ya nyonga, akasema: kamba za misuli zimesukwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, na juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo. Uzazi huzilegeza kamba. Lakini kuna watu kamba zao zimekazwa kupita kiasi, na hao nao mkojo huwatoka.

Kipimo chenyewe niliogopa bure. Mlango ulifungwa kwa ufunguo, nikafunikwa shuka, na akaniomba ruhusa kila hatua. Ni kidole kimoja chenye glavu na mafuta laini. Lile dubwana la chuma la wodini halikuwepo. Alisema naweza kukataa, naweza kusema acha katikati, naweza kuingia na mtu wangu, na nikikataa kabisa ataangalia kwa nje tuendelee hivyohivyo. Wa kike nilimtaka mwenyewe tangu dirishani, nikasubiri zaidi ya wiki moja kwa sababu hiyo. Sijuti.

"Haya mama, bana."

Nikabana kwa fahari ya mtu aliyefanya mazoezi mia tatu kwa siku.

"Sasa legeza."

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, mama."

"Nimelegeza, dada!"

Akaniambia nikunje ngumi kwa nguvu zote nisiiachie, kisha akanipa kalamu niishike kwa mkono uleule. Nitaishikaje na ngumi imefumbwa? Hapo nikaelewa. Misuli yangu ilikuwa imekunjwa kutwa nzima, kwa hiyo chafya ilipokuja haikuwa na nafasi ya kubana zaidi. Akanieleza kuwa mazoezi haya yalipata jina kwa daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika habari zake mwaka 1948, na kwamba Kegel alitengeneza kifaa cha kupimia mbano ili mgonjwa asibahatishe. Yaani mwenye mazoezi yake alipima. Aliyenirekodia ile sauti hakupima kitu.

Nikakatazwa kubana. Wiki nne nzima kazi yangu ilikuwa kupumua: hewa iingie tumbo lipande, mbavu zifunguke, kule chini kushuke kama unayejamba bila aibu (maneno yake, si yangu). Mkao mmojawapo ni kama sujudu, ila magoti yanaachana na makalio yanakalia visigino. Nilikuwa nabaki kwenye msala baada ya isha nikaufanya, na mama mkwe akasifia kwa majirani kwamba mkamwana wake siku hizi anasujudu kwa kirefu. Sikumsahihisha.

Na kulikuwa na daftari. Siku tatu unaandika kila unachokunywa na kila unachokojoa, kwa mililita. Wengi huliona usumbufu wakaandika uongo. Mimi nilikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatia maji kwa kikombe cha kupimia unga, mia, mia mbili, mia tatu, na kila kiwango nikakichora alama kwa piko ya harusi, maana kalamu ya wino ilifutika siku ya kwanza. Piko haikutoka. Chupa nzuri, ina mistari kama ya maabara. Siku ya pili nakuta baba watoto ameikosha anataka kuitia juisi ya ukwaju. Nilipiga kelele ambayo mtaa wa pili ulisikia. Akauliza kuna nini, nikamwambia muulize wifi.

Lile daftari ndilo lililonifumbua macho. Mara nyingi nilikuwa nakojoa mililita mia, mia na ishirini, wakati kibofu cha mtu mzima kinachukua mia nne na zaidi bila taabu. Mazoea ya kwenda chooni "kwa tahadhari" kabla ya kila safari yalikuwa yamekidekeza. Na maji niliyoyapunguza kwa ushauri wa wifi yaliufanya mkojo mkali, nao ukizidi kukichokoza. Nikaambiwa ninywe maji kama kawaida, nipunguze chai ya rangi (huu ndio uliokuwa msiba wenyewe), na hamu ikija nisubiri robo saa huku napumua. Choo cha kukaa niweke miguu juu ya kigoda, nisisukume. Nikauliza kama mbuzi ya nazi inafaa. Akasema kigoda, mama.

Kubana kulikuja mwishoni, na hakukufika hata mia: kumi, taratibu, kila mbano unahesabu mpaka sita au nane na kulegeza unahesabu vilevile, mara tatu kwa siku. Usiufanyie mazoezi mkojo wenyewe ukiwa chooni, kukatakata katikati si vizuri. Nilichokipenda kuliko vyote ni kubana kwanza: unajua chafya inakuja, bana kabla haijafika, ipite, legeza. Kwa sufuria ni hivyohivyo: toa pumzi wakati unanyanyua, usizibe pumzi tumboni. Nimewafundisha na vijana wangu wa jikoni, wanadhani ni habari ya mgongo.

Gharama? Kama elfu thelathini kila nikienda, mara nyingine pungufu, nauli mbali, na kadi ya bima walinirudishia dirishani. Nilikwenda mara sita, za mwisho kwa kuachanisha wiki tatu. Mwezi wa kwanza sikuona kitu na nilitaka kuacha. Wa pili maumivu yakaondoka. Kikohozi kilikaa sawa kwenye wa tatu. Nikishikwa na mafua makali bado tone moja hupotea njia. Yule anayewaambia atawaponya kwa vikao viwili, muulizeni kama amewahi kukaanga pilipili.

Shoga wa shabu alinipigia juzi, naye amejifungua, anataka kujua anabana mara ngapi. Nikamwambia mwanangu, kwanza kapimwe. Akakata simu, nadhani amekwenda kuisikiliza ile sauti.

Jumamosi nina pilau ya watu mia nne Chumbageni, na pilipili nitaikaanga mwenyewe.