Siku moja maishani mwangu: mlezi wa watoto wa mbwa, Arusha

Saa 11 alfajiri

Sakina bado giza, na Julai ya Arusha haina huruma kwa mtu aliyetoka kitandani. Mtoto wa mbwa akiamka hasubiri uvae sweta. Ndani ya dakika moja au mbili mkojo unatoka, kwa hiyo nawabeba mmoja mmoja hadi kwenye majani nyuma ya nyumba. Kuwabeba ni makusudi. Ukimwacha atembee mwenyewe kutoka anakolala hadi mlangoni, anamalizia njiani. Hawa ni chotara wa poodle mdogo na Maltese, aina mbili za mbwa wadogo wa kufuga ndani, wako wiki ya saba, na mama yao ninaye hapa hapa nyumbani. Majirani wanajua nashinda nikicheza na mbwa wa kizungu. Laiti wangekuja saa hii.

Saa 12 na nusu

Chakula cha kwanza kati ya vinne vya siku: chakula kikavu cha watoto wa mbwa, kimelowekwa maji ya uvuguvugu dakika 10. Mbwa wa aina ndogo akiwa mchanga ana akiba ndogo sana ya sukari mwilini. Akikaa na njaa muda mrefu anaanza kuyumba, kutetemeka na kulegea, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Ukiona hivyo, pakaza asali kidogo kwenye fizi zake kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Maziwa ya ng'ombe usimpe, yanamharisha. Baada ya kula, haja kubwa huja kati ya dakika 5 na 30, hivyo tunarudi kwenye majani. Halafu deki, kufua matandiko, deki tena.

Saa 3, ambayo iligeuka saa 5

Mteja wa kuchagua mtoto wa mbwa nilimpangia saa 3 kwa sababu muda huo wameshalala kidogo, wameamka, wamejisaidia na wamechangamka. Hapo ndipo tabia ya kila mmoja inaonekana. Aliingia karibu saa 5, yeye na watoto wake wawili, simu iko hewani na dada yake wa Dar. Mbwa wote walikuwa usingizini. Kabla sijafunga geti, watoto walishaingia kizizini na mmoja ananing'iniza mbwa kwa miguu ya mbele.

"Shikamoo mama. Naomba wakae chini kwanza, mbwa ndiye awafuate."

"Marahaba. Mimi namtaka yule mdogo kuliko wote. Na namchukua leo, kesho ni bethidei ya huyu."

Yako mambo mawili pale, na yote nilikataa. Mtoto wa mbwa haondoki kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kwenye wiki hizi za mwisho ndipo ndugu zake wanamfundisha kuuma bila kuumiza, na ndipo anapozoea kutoka anakolala ili kujisaidia. Mtoto aliyenunuliwa barabarani akiwa na wiki 5, aliyekaa kwenye boksi akilalia kinyesi chake, amekwishapoteza ile chuki ya kuchafua kitanda. Kumfundisha inawezekana, ila ni kazi maradufu. Na huyo mdogo kuliko wote, anayepostiwa mitandaoni akiwa ndani ya kikombe, ndiye anayeshukwa na sukari haraka zaidi, na mara nyingine utosi wake haufungi vizuri. Nilimwekea kidole chake pale kichwani, kwa huyo huyo aliyemtaka, ahisi mwenyewe palivyo laini. Akamweleza dada yake kwenye simu kwamba namkatalia hela.

Nikamketisha. Nilimpakatia mwingine, jike la rangi ya chai, tukaanza kumkagua pamoja. Macho makavu bila tongo. Masikio hayanuki. Fizi za waridi. Zikiwa nyeupe fikiria minyoo, viroboto au kupe. Meno ya juu yanakutana na ya chini. Tumbo likivimba kama ngoma wakati mbavu zinahesabika, ni minyoo. Kitovu kikiwa na kinundu laini, huenda ni ngiri, muulize daktari kabla ya kulipa. Kisha goti la nyuma: napapasa pia ya goti taratibu huku nakunja na kukunjua mguu. Mbwa wadogo wana tatizo la pia kuhama nafasi yake, na atakayekuwa nalo utamwona anaruka hatua moja kwa miguu mitatu kisha anaendelea kama kawaida. Muombe muuzaji akuonyeshe mama, na baba akiwepo. Uzito wao ndio makisio bora ya ukubwa wa mtoto, kwa sababu kwa chotara hakuna wa kukuhakikishia.

Mwisho naangusha funguo sakafuni, hatua tatu kutoka walipo. Mtoto mzuri anashtuka, halafu anakuja kunusa. Anayebaki amejikunyata kwa dakika nzima anahitaji nyumba tulivu na mtu mwenye subira. Anayewakanyaga wenzake wote ili afike kwanza atakupa shughuli. Jike lile lilisimama, likatazama funguo, likaja.

"Lakini huyu hamwagi manyoya, si ndiyo? Mwanangu ana pumu."

Swali hilo lingekuja kwenye simu kabla hajafunga safari. Chotara wengi wa poodle humwaga manyoya kidogo, siyo wote, na koti la utotoni hubadilika kati ya miezi 6 na 12. Zaidi ya hapo, mzio hautoki kwenye manyoya peke yake. Upo kwenye mate na kwenye ngozi inayopukutika, na hakuna mbwa asiye navyo. Nilimshauri aongee na daktari wa mtoto, kisha amlete akae na mama wa hawa mbwa saa nzima, siku mbili tofauti, tuone kifua kinasemaje. Nikamwonyesha pia brashi na kitana cha chuma: nywele hizi zikiachwa wiki bila kuchanwa hadi kwenye ngozi zinashikana vifundo, na vumbi letu linaharakisha. Aliondoka karibu saa 8 mchana. Hakulipa, lakini amekubali kurudi Jumatano na mwanawe bila keki. Hayo kwangu ni mauzo mazuri kuliko pesa ya leo.

Mchana

Chakula cha tatu kimechelewa, majani, deki. Mdogo wangu akapokea zamu, nami nikapanda bodaboda kwenda Njiro.

Njiro

Huko kuna dume la wiki 11, chotara wa poodle na aina nyingine ndogo, waliyemnunua kwingine. Wenye nyumba waliniita kwa sababu anajisaidia ndani, wanasema ni mkaidi. Nilipofika, nyumba ilieleza yenyewe: sakafu ni vigae, ua wote ni matofali ya pevingi hadi getini, jani hakuna. Mtoto wa mbwa hushika aina ya sakafu anayojisaidia akiwa na wiki kama 7 hadi 9. Huyu amekulia kwenye saruji. Kwake vigae vya sebuleni na pevingi ya nje ni choo kimoja. Na pale sebuleni kuna zulia la manyoya, ambalo kwa mguu wa mbwa ni majani. Kwanza kabisa tulilikunja tukalipandisha juu ya kabati.

Wenye nyumba wako kazini kutwa, anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, na hakuna aliyemweleza chochote zaidi ya kuambiwa akikuta mkojo amsugue mbwa pua. Hili nalikuta nyumba nyingi, na linaniuma. Mbwa haunganishi adhabu na jambo lililopita hata dakika chache. Anachojifunza ni kwamba mkojo ukionekana watu wanakuwa wakali, hivyo anaenda kujisaidia nyuma ya kochi.

"Dada, mwalimu wake ni wewe. Mimi nakuja leo tu."

"Sasa nikimkuta anakojoa nifanyeje?"

"Mbebe hapo hapo, mpeleke amalizie kwenye majani. Ukikuta ameshamaliza, futa tu, usiseme kitu."

Majani tuliyatengeneza. Fundi alishaleta sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 8, lenye matundu chini, tukalijaza udongo na kipande cha majani kilichochimbwa na mizizi yake. Tukaliweka pembeni ya kibaraza, chini ya bati, kwa kuwa mbwa hawa wanachukia majani yaliyolowa na masika yakija hatatoka. Juu yake tukaweka kitambaa kilichofyonza mkojo wake. Chanjo zake bado hazijakamilika, zinarudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, na virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo barabarani bado haendi, na majani tuliyachimba mahali ambapo mbwa hawapiti.

Halafu ni kusubiri, na hapa ndipo uchovu wa kazi hii ulipo. Kamba fupi, unasimama pale pale, husemi, humchezeshi. Dakika 5 zikipita bila kitu, rudi ndani, mpakate au mweke kwenye tundu lake la kulalia dakika 10, toka tena. Usimwachie sebuleni katikati, maana ndipo anapokojoa, na watu husema "nimemtoa sasa hivi!" Tulitoka, tukarudi, tukatoka. Jua lilishazama upande wa Kisongo, miguu yangu haitaki tena kusimama, dada anatazama jiko. Mwishowe mbwa akanusa kona ya sanduku, akazunguka mara mbili, akachuchumaa. Dada akasema kwa sauti ya chini, "jisaidie", na tone la mwisho lilipoanguka akampa kipande cha ini la kuku kilichochemshwa, saizi ya harage. Zawadi ikichelewa hata sekunde chache, atadhani analipwa kwa kukimbilia jikoni. Nikamwomba amchezeshe kidogo kabla ya kumrudisha ndani, la sivyo mbwa anajifunza kubana, kwa kuwa kumaliza kunamaliza raha.

Usafi wa madoa ndani: kausha kwanza, osha kwa sabuni, suuza, nyunyiza siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 10. Dawa ya klorini usimwage juu ya mkojo wala kuichanganya na siki; vyote viwili hutoa hewa yenye sumu.

Baba mwenye nyumba alirudi nikiwa naandika ratiba ya kubandika ukutani jikoni. Kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na kila saa akiwa macho. Saa 4 usiku mara ya mwisho, saa 8 usiku mara moja, na mlinzi asifungulie mbwa wakubwa kabla huyu hajarudi ndani. Aliuliza kama wiki moja inatosha. Nikamwambia wengi wa saizi hii hutulia wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 6, wengine baadaye zaidi, na akianza kukojoa matone matone kila mara ampeleke kwa daktari, hiyo siyo tabia.

"Sawa. Dada atafanya."

"Jumapili dada yuko kanisani mpaka mchana. Nani atamtoa?"

Alifikiri kidogo, akasema atamtoa yeye. Nikaandika jina lake kwenye safu ya Jumapili: saa 1, saa 2, saa 3, mpaka saa 7.