"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea

Hapa Kampala si ajabu kumsikia mtu anayehitaji kalamu kwa muda mfupi akisema "borrow me your pen", na mwenzake akampa bila kusita. Hata hivyo, kwa Kiingereza sanifu sentensi hiyo imegeuza pande, kwa kuwa "borrow" ni kitendo cha anayepokea, ilhali "lend" ni cha anayetoa. Mwombaji alipaswa kusema "lend me your pen".

Sikubaliani hata kidogo na wanaoliita kosa hili uvivu. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili, chanzo kimojawapo ni kitenzi kuazima, ambacho hutumika pande zote mbili: "niazime kalamu" ni ombi kwa mwenye kalamu, na "nimeazima kalamu kwa dada" ni kauli ya aliyeipokea. Anayekifasiri kitenzi hicho kwa neno moja tu la Kiingereza, hata awe makini namna gani, atakosea upande mmojawapo.

Kwa sababu hiyo ningependa walimu wetu, hasa baada ya Baraza la Mawaziri kuamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, waanzie kwenye kukopa na kukopesha, maana hapo lugha yetu yenyewe hutenganisha anayepokea na anayetoa. Kiganda nacho hutenganisha, lakini kwa njia ya kinyume inayonivutia sana: kitenzi cha msingi ni okuwola, yaani kukopesha, na mpokeaji hupatikana kwa kuongeza kiambishi cha kujirejea, okwewola. Kiingereza kina mizizi miwili isiyohusiana, hivyo mwanafunzi hana budi kushika pia vihusishi vyake: "borrow from", "lend to".

Katika mikataba ya mikopo, ambayo hapa kwetu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, "lender" ni mkopeshaji na "borrower" ndiye atakayedaiwa. Anayetia saini anastahili kujua amesimama upande upi.

Liko pia neno "loan", ambalo kwa asili ni nomino, lakini Wamarekani hulitumia sana kama kitenzi badala ya "lend". Matumizi hayo yanafaa kwa fedha na vitu vinavyoshikika. Mtu anapompa mwenzake msaada au sauti yake, kitenzi hubaki "lend".